Injini ya Tatu, Ugonjwa Uleule

Na Mwandishi Wetu

Jumamosi moja asubuhi, chini ya mwarobaini ulio kando ya barabara ya vumbi mtaani kwetu Temeke, watu sita walikuwa wameketi juu ya magurudumu mabovu na madebe matupu ya oili. Mpita njia angeweza kudhani kwamba pana msiba. Kumbe walikuwa wenye magari. Kila mmoja alikuwa akingoja boneti ya gari lake ifungwe, akabidhiwe ufunguo na kurejea kwa jamaa zake. Wawili kati yao walikuwa hapohapo Jumamosi iliyotangulia, kwa ubovu uleule.

Miongoni mwao alikuwamo jirani yangu, mstaafu wa serikali, aliyenunua gari dogo la Kijapani kwa sehemu ya kiinua mgongo chake. Hakulinunua kwa ajili ya fahari. Mkewe anauza nafaka sokoni, na magunia ya mchele na maharage hayapandi daladala kwa urahisi. Tena nyumbani kwao yumo mjukuu mwenye pumu, ambaye mara kadhaa amelazimika kukimbizwa hospitali usiku wa manane. Gari lile lilikuwa mkono wa kulia wa nyumba hiyo. Lakini katika muda wa miaka miwili lilikuwa limekwisha kumeza injini tatu.

Asubuhi hiyo injini ya tatu ilikuwa imelazwa juu ya gunia, imefumuliwa. Fundi aliyeitwa kuitazama hakuwa yule wa siku zote. Alikuwa mzee mwenye mvi, aliyepata kufanya kazi katika karakana ya serikali kabla ya kustaafu. Aliinama, akapitisha kidole juu ya uso wa silinda hedi, kisha akamgeukia jirani yangu.

"Mzee mwenzangu, ile injini ya kwanza iliuawa na nini?"

"Ilinoki, fundi."

"Hivyo ndivyo ilivyokufa. Mimi nauliza kilichoiua."

Jirani yangu akanyamaza.

"Na ya pili?"

"Nayo ilichemsha, kisha ikanoki."

"Na hii nayo imechemsha. Umenunua injini tatu, mzee mwenzangu, lakini ugonjwa ni mmoja, na hakuna aliyeutafuta."

Ndugu msomaji, maneno hayo ya fundi mzee yamenifanya nilitazame upya jambo linalozisumbua nyumba nyingi mijini. Kila mwenye gari ana kisa chake cha gari lililotengenezwa Jumatatu likaharibika Alhamisi. Wengi humlaumu fundi, wengine huilaumu nchi iliyotengeneza gari, na wapo wanaodhani wamefanyiwa husuda. Lakini aghalabu injini inayokufa mara kwa mara haiuawi na maradhi mapya kila mara. Huuawa na kasoro moja iliyoachwa garini wakati injini iliyotangulia ilipozikwa.

MAGARI YALIVYOTUFIKIA

Kwa miaka mingi baada ya Uhuru, gari la mtu binafsi lilikuwa kitu adimu katika Tanzania. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na uagizaji wa magari ulidhibitiwa. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu wananchi waliokuwa na fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, mlango ulianza kufunguka. Kadiri masharti ya biashara yalivyolegezwa katika miaka iliyofuata, ndivyo magari yaliyokwisha kutumika yalivyozidi kuteremshwa katika bandari ya Dar es Salaam. Japani ikawa chimbuko kubwa la magari hayo, maana huko nako watu huendesha upande wa kushoto wa barabara na usukani huwa kulia kama kwetu.

Sheria ya Japani humtaka mwenye gari dogo jipya alipeleke kukaguliwa baada ya miaka mitatu, na tangu hapo kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi huo una gharama, na wengi huona ni afadhali kuliuza gari likiwa bado zima kuliko kuzidi kulihudumia. Kwa hiyo gari tunalolinunua hapa, hata likiwa na umri wa miaka 15, aghalabu limelelewa kwa ratiba tangu lilipozaliwa. Ratiba hiyo mara nyingi hukoma siku ileile linapotoka bandarini. Huku kwetu gari hukutana na joto, vumbi, foleni na maji ya chumvi, na hukutana nayo bila kitabu cha huduma. Kama kitabu kimo, huwa kimeandikwa Kijapani na mwenyewe hukiacha kwenye saraka ya dashibodi bila kukifungua.

MOTO NDANI YA CHUMA

Ili mtu aelewe ni kwa nini injini hufa, hana budi kuelewa kwanza ni kwa nini huishi. Injini ya petroli ni tanuri. Mchanganyiko wa hewa na petroli unapowaka ndani ya silinda, joto lake hupita nyuzi 2,000 za Selsiasi kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Alumini, ambayo ndiyo inayotumika kutengenezea silinda hedi za magari mengi madogo, huyeyuka katika nyuzi 660 tu. Maana yake ni kwamba moto uliomo ndani una uwezo wa kuiyeyusha nyumba yake wenyewe. Kinachoinusuru nyumba hiyo ni maji yanayoizunguka na oili inayoilainisha. Katika nguvu yote iliyomo kwenye petroli, kiasi cha robo hadi theluthi ndicho kinachosukuma gari. Kinachobaki hugeuka joto, na joto hilo lazima litolewe nje kwa njia ya ekzosi na ya rejeta.

Kazi ya kulitoa hufanywa na vitu vichache. Pampu huyasukuma maji. Rejeta huyapoza kwa msaada wa feni. Themostati ni mlango mdogo unaojifungua wenyewe maji yanapofikia nyuzi themanini na kitu, ili injini ipate joto lake upesi na kisha isilizidishe. Kifuniko cha rejeta, ambacho wengi hukidhani kuwa kizibo cha kawaida, kina springi inayoshikilia mgandamizo, hata maji yasichemke kwenye nyuzi 100 bali yakaribie nyuzi 120. Springi hiyo ikilegea, maji huchemka kabla ya wakati na kutoroka.

Joto likizidi, alumini hutanuka takriban mara mbili kuliko chuma. Silinda hedi hupinda, gasketi iliyo chini yake huungua, na maji hupata njia ya kuingia kwenye silinda au kwenye oili. Hapo dalili huwa wazi kwa mwenye kutaka kuziona. Oili hugeuka rangi na kuwa kama chai ya maziwa, moshi mweupe hutoka kwenye ekzosi hata injini ikiwa imekwisha kupata moto, na mapovu huonekana kwenye maji ya rejeta. Mtu akiendelea kuendesha katika hali hiyo, oili iliyochanganyika na maji haiwezi tena kuzilinda beringi, na injini hunoki.

Linapokuja suala la dawa, ndipo makosa huanza. Katika gereji nyingi za mitaani dawa ya kwanza ya gari linalochemsha ni kung'oa themostati na kuitupa, kwa hoja kwamba nchi ya joto haiihitaji. Hoja hiyo haina msingi. Themostati haipimi joto la nje; hupima joto la maji ndani ya injini, na joto hilo hutakiwa kuwa lilelile Dar es Salaam kama Tokyo. Injini isiyo na themostati huenda ikakaa baridi mno kwa muda mrefu, ikala petroli kupita kiasi na kuichafua oili yake. Katika injini za aina nyingine, kuitoa themostati huyafanya maji yapite njia ya mkato na kurudi kwenye injini bila ya kwenda kupozwa. Na hata pale gari linapoonekana kupona, mara nyingi ni rejeta iliyoziba ambayo imepewa nafuu ya siku chache.

MAJI HAYAPOTEI BURE

Nisije nikaonekana nahukumu wenzangu, sina budi kueleza yaliyonifika mimi mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilifiwa na baba yangu mdogo huko Iringa. Tuliondoka Dar es Salaam alfajiri, mke wangu, watoto wawili na shangazi yangu, tukiwa na tumaini la kuwahi mazishi ya saa kumi jioni. Kwa muda wa majuma matatu kabla ya safari hiyo nilikuwa nikiongeza maji kwenye rejeta kila asubuhi, kopo moja, na kuona kuwa hiyo ndiyo hali ya gari la zamani. Sikupata kujiuliza hata siku moja maji yale yalikuwa yakienda wapi.

Tulipita Morogoro na Mikumi salama. Baada ya Ruaha Mbuyuni tukaanza kuupanda Mlima Kitonga nyuma ya malori yaliyokuwa yakijikongoja, nikaona mshale wa joto ukipanda. Shangazi akaniambia, "Baba, hebu simama kidogo, hili gari linanuka." Nikamjibu kwamba tukifika kileleni nitasimama. Nilihofia kusimama kwenye kona, na nilihofia zaidi kuchelewa. Kileleni tulifika, lakini injini haikuwaka tena. Gari lilivutwa hadi Iringa kwa kamba, na tulipofika kaburi lilikuwa limekwisha kufukiwa. Shangazi hakunilaumu kwa neno hata moja, lakini baba mdogo alikuwa ndugu yake wa tumbo moja, na hakuuona uso wake.

Fundi wa Iringa alipochunguza, alikuta kifuniko cha rejeta kimelegea springi. Ni kitu kidogo kinachoenea kiganjani, nacho ni miongoni mwa vipuri vya bei ya chini kabisa katika gari zima. Kwa ajili yake nililipa gasketi, kusawazishwa kwa silinda hedi kwenye mashine, ufundi na malazi ya siku tano. Fundi yule alinifunza jambo ambalo ningependa kila mwenye gari alijue. Njia ya maji ya injini ni njia iliyofungwa. Injini haili maji kama inavyokula petroli. Kama unaongeza maji kila siku, basi yapo mahali yanapotokea, na siku itafika ambapo yatatoka mengi kuliko unayoongeza.

Maji yenyewe nayo yana mambo. Katika sehemu nyingi za Dar es Salaam maji ya visima yana chumvi. Chumvi hiyo hujenga ukoko ndani ya vijibomba vyembamba vya rejeta kama ilivyo katika birika la chai, na pamoja na kutu huyaziba. Kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta, imetengenezwa kuzuia kutu na kulipandisha joto la kuchemka. Wengi hudhani ni ya nchi za barafu peke yake, kwa kuwa huzuia maji yasigande. Lakini sisi wa nchi za joto tunaihitaji kwa sababu hizo mbili nyingine. Na kwa msafiri wa nyanda za juu ipo sababu ya ziada: katika mji kama Iringa, ulio kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,500, maji matupu yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi zipatazo 95 tu.

OILI NA FOLENI

Baada ya joto, muuaji wa pili ni oili. Injini inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, kila pistoni hupanda na kushuka mara 50 katika kila sekunde. Kati ya vyuma hivyo vinavyokimbizana hakuna kitu ila utando mwembamba wa oili. Oili ikipungua, ikichakaa au ikiwa bandia, utando huo hukatika na chuma husaga chuma.

Wenye magari wengi huhesabu oili kwa kilomita peke yake. Lakini gari linalotambaa saa mbili katika foleni ya Barabara ya Mandela hutembea kilomita chache huku injini ikifanya kazi muda wote huo, tena kwa joto na upepo mdogo. Ndiyo maana watengenezaji wa magari hutenganisha matumizi ya kawaida na matumizi magumu. Foleni, vumbi, joto kali na safari fupifupi ni matumizi magumu, na kwa matumizi hayo kilomita 5,000 ni kipimo cha busara cha kumwaga oili na kubadili filta yake. Kuongeza oili mpya juu ya chafu ni sawa na kumwaga maziwa mapya katika kibuyu kisichooshwa.

Uzito wa oili nao haupatikani kwa kukisia. Injini nyingi za Kijapani za miaka ya 2000 zilitengenezwa kwa oili nyepesi, kama ile iandikwayo 5W-30 kwenye kopo, kwa sababu njia zake za oili ni nyembamba. Ukiitia oili nzito kwa imani kwamba nzito ndiyo imara, kila asubuhi unapowasha gari oili huchelewa kufika juu, na vyuma husagana vikiwa vikavu.

PETROLI NA INJINI ZA D4

Hakuna injini inayolalamikiwa mitaani kama ile iitwayo D4. Wapo madalali wanaomhakikishia mnunuzi kwanza kabisa kwamba gari "si D4", kama vile mtu anayethibitisha kuwa mbuzi hana ugonjwa. Mwaka 1996 kampuni za Mitsubishi na Toyota zilianza kuuza magari ambayo petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa mgandamizo mkubwa, badala ya kupulizwa kwenye njia ya hewa. Toyota iliuita utaratibu wake D-4. Ulipunguza matumizi ya mafuta, lakini una masharti yake. Pampu ya mgandamizo na nozeli zake hazivumilii petroli chafu, na kwa kuwa petroli haipiti juu ya valvu za hewa ili kuzisafisha, masizi hujijenga hapo.

Injini ya namna hiyo iliwafikia mafundi ambao hawakupata kufundishwa habari zake, katika nchi ambamo kwa miaka mingi wafanyabiashara wasio waaminifu walikuwa wakichanganya petroli na dizeli na mafuta ya taa kwa sababu yalikuwa na kodi ndogo. Mwaka 2010 EWURA ilianzisha utaratibu wa kutia vinasaba katika mafuta ili yaliyochanganywa yatambulike, na mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya uchanganyaji. Kwa hiyo tunapoilaani D4 tusisahau kwamba ilihukumiwa katika mazingira ambayo haikuumbiwa. Anayelinunua gari lenye injini hiyo na awe na hakika kwanza kwamba anamjua fundi anayeielewa, na kituo cha mafuta anachokiamini.

INJINI YA MTUMBA

Injini inapokuwa imekufa kabisa, wengi huelekea Gerezani au Ilala kutafuta nyingine iliyotumika. Mara nyingi hilo huwa nafuu kuliko kuifumua na kuisuka upya ile ya zamani, na si jambo la kulaumiwa. Lakini injini ya mtumba huja bila ya historia yake. Mnunuzi hajui ilitembea kilomita ngapi wala imelala kwenye kontena kwa muda gani, ikikausha mipira yake ya kuzuia oili. Dhamana aghalabu huwa ni ya kusikia ikinguruma mara moja tu.

Kwa hiyo mnunuzi na afungue kifuniko cha kutilia oili aone kama ndani kuna tope jeusi. Atake mgandamizo wa kila silinda upimwe, na aone kama silinda zote zinakaribiana. Adai stakabadhi yenye namba ya injini, maana namba hiyo huandikwa kwenye kadi ya gari na hana budi kuibadilisha kwa utaratibu wa sheria. Wakati injini ikiwa nje, ambapo kila kitu hufikika kwa urahisi, abadilishe pampu ya maji, themostati, mipira ya maji na mkanda wa taimingi kama injini hiyo inautumia. Na kabla ya yote hayo aisafishe au aibadilishe rejeta. Kumlaza mgonjwa mpya katika kitanda cha aliyekufa kwa kipindupindu, bila hata kubadili shuka, ni jambo ambalo hakuna muuguzi angelikubali.

FUNDI NA MWENYE GARI

Ni kweli kwamba wapo mafundi vishoka wanaojifunza juu ya magari yetu, wanaobadilisha kipuri kizima kwa kibovu, na wanaotoza fedha ya kipuri halisi wakaweka bandia. Mtu aliyetendewa hivyo ana haki ya kulalamika, na kipuri bandia ni jambo linalohusu Tume ya Ushindani. Lakini nimekaa chini ya mwarobaini ule mara nyingi, na nimeona pia upande wa pili. Mwenye gari humwambia fundi, "Wewe nifungie hivyohivyo, niwahi kazini." Hukataa kulipia uchunguzi, kwa kuwa hauna kitu cha kushikika mkononi. Fundi naye anajua kwamba akisema ukweli wa gharama zote, mteja ataondoka na kwenda kwa mwingine atakayesema robo yake. Hivyo wote wawili hukubaliana na uongo wa nafuu, na gari hurudi Jumamosi inayofuata.

Wengi wa vijana hao wana mikono mizuri na hawakupata shule. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini. Mwenye gari anapomuuliza fundi kama ana cheti, asione kwamba anamdharau. Anaweza kuwa ndiye anayemsukuma akakitafute.

DAFTARI LA MAMA

Nirudi chini ya mwarobaini. Fundi mzee alipoona kwamba jirani yangu hakumbuki kilichobadilishwa na kisichobadilishwa, aliuliza kama nyumbani kuna maandishi yoyote. Mtoto akatumwa. Baada ya muda mfupi alikuja mama mwenyewe, na mkononi alikuwa na daftari la mkaza ambamo huandika matumizi ya nyumba, tangu chumvi hadi ada za shule.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama. Hebu tusaidie. Humo mmeandika nini juu ya gari?"

Mama akafungua na kusoma. Injini ya kwanza, ufundi, oili. Gasketi. Injini ya pili, ufundi, oili, kulivuta gari kutoka Kibaha. Kisha akasoma, "Rejeta mpya, shilingi laki mbili."

Fundi akaitazama rejeta iliyokuwa imeegemezwa mtini. Ilikuwa kuukuu, mapezi yake yameoza pembeni. Akamimina maji juu, na chini yakatoka matone tu. "Mama," akasema taratibu, "rejeta hii haijapata kubadilishwa tangu gari litoke Japani."

Sote tulidhani sasa atatajwa fundi mwizi. Jirani yangu akainamisha kichwa. "Fundi hana kosa," akasema. "Aliniambia ninunue. Injini ya pili ilizidi bei niliyokuwa nimemwambia mama, nami niliona aibu kurudi kumwomba tena. Nikaijazia kwa fedha ya rejeta."

Mama alilifunga daftari. Hakupandisha sauti. "Ungeniambia, baba," alisema. "Ningeuza gunia moja la mchele, mambo yakaisha." Kisha akamgeukia fundi na kumuuliza bei ya rejeta.

Nilikwisha kuwa na hakika kwamba habari hii ni ya vyuma na maji. Siku hiyo niliona kwamba ni habari ya nyumba pia. Gari la familia ambalo gharama zake ni siri ya mtu mmoja halitapona, kwa kuwa mwenye siri atazidi kulipia kile kinachopiga kelele na kuahirisha kile kilichonyamaza. Kufa kwa injini huonekana na kila mtu. Kuziba kwa rejeta hakuonekani, na kwa hiyo fedha yake ndiyo ya kwanza kuhamishwa.

Basi daftari la gari na liwemo katika kila nyumba yenye gari. Iandikwe tarehe, kilomita, kilichoharibika, kilichokiharibu na kilichobadilishwa. Kila asubuhi, injini ikiwa bado baridi, oili na maji vitazamwe, na kinachopungua kiulizwe kinapopungulia. Mshale wa joto ukipanda, gari lisimamishwe mahali salama na injini izimwe, hata kama kuna harusi, mkutano au msiba mbele. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe ikiwa moto, maana mvuke wake umeunguza nyuso za wengi. Na kabla ya kununua injini nyingine, mwenye gari na asikubali kutoa hata shilingi moja mpaka ajibiwe swali la fundi mzee: ile iliyokufa iliuawa na nini?

Jirani yangu aliifunga injini ya nne akiwa na rejeta mpya, kifuniko kipya na themostati mahali pake. Mpaka ninapoandika habari hii ni mwezi wa kumi na moja, na gari halijachemsha. Mchele unafika sokoni, na mjukuu amefikishwa hospitali mara mbili bila kuchelewa. Lakini nyumba yao ya Chanika, ambayo ilikuwa iezekwe kwa kiinua mgongo kilekile, bado ni kuta tupu. Bati zake zilinunuliwa injini. Mama huyataja hayo bila uchungu, na ukurasa wa gari katika daftari lake sasa huandikwa na wote wawili.